Powell: Mhubiri wa Harlem aliyegeuza maandamano kuwa kura

KATIKA mtaa wa Harlem jijini New York kuna barabara pana inayopita katikati ya majengo marefu ya matofali, na barabara hiyo ina jina la mtu aliyewahi kuikanyaga kwa miguu akiongoza maelfu ya watu wenye njaa. Mtu huyo ni marehemu Adam Clayton Powell Mdogo, mhubiri, mwandalizi wa maandamano, na Mwamerika mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Baraza la Jiji la New York.

Wengi humkumbuka kama mbunge mwenye makeke aliyetikisa Bunge la Marekani kwa robo karne, akafukuzwa na wenzake, kisha akarejeshwa na wapigakura wake. Hata hivyo, safari yake ya kisiasa haikuanzia Washington. Ilianzia kwenye jiko la kanisa, ikapitia milango ya maduka na vituo vya mabasi, na hatimaye ikafika kwenye debe la udiwani mnamo Novemba 1941.

Kisa cha uchaguzi huo kinastahili kusimuliwa upya, kwa sababu kinajibu swali linalowasumbua wanyonge katika miji mingi duniani: je, watu wasio na fedha wala chama chenye nguvu wanaweza kumpeleka mtu wao katika ukumbi wa jiji? Na akishafika huko, ataendelea kuwa wao?

MTOTO WA KASISI

Powell alizaliwa Novemba 29, 1908, mjini New Haven katika jimbo la Connecticut, ambako baba yake, Adam Clayton Powell Mkubwa, alikuwa mchungaji wa kanisa la Kibaptisti. Mtoto huyo alikuwa bado mchanga familia ilipohamia New York baada ya baba kuitwa kuliongoza Kanisa la Kibaptisti la Abyssinia.

Jina la kanisa hilo lina uhusiano na Afrika Mashariki. Lilianzishwa mwaka 1808 na waumini weusi, miongoni mwao mabaharia na wafanyabiashara kutoka Uhabeshi, waliokataa kukalishwa kando na wazungu katika nyumba ya ibada. Waliondoka, wakaanzisha kanisa lao na kulipa jina la kale la Ethiopia. Miaka mingi baadaye, mwaka 1954, Mfalme Haile Selassie alilitembelea kanisa hilo na kulitunuku msalaba wa Kihabeshi.

Mwaka 1923 kanisa lilihamia jengo jipya katika barabara ya 138 mtaani Harlem. Wakati huo Wamarekani weusi walikuwa wakimiminika humo kutoka majimbo ya kusini, wakikimbia umaskini na ukatili wa ubaguzi wa rangi. Wengine walitoka visiwa vya Karibi. Harlem ikawa makao makuu ya watu weusi nchini humo, mji ndani ya jiji.

Powell mdogo alikulia katika raha. Alikuwa mtoto wa pekee wa kiume, mrefu, mwenye sura ya kuvutia, na ngozi yake ilikuwa nyeupe kiasi cha kuwafanya wasiomjua wamdhanie mzungu. Masomo yake ya kwanza ya chuo jijini New York yalimshinda kwa kuwa alipenda anasa kuliko vitabu, na katika kipindi hichohicho familia ilipatwa na msiba wa kifo cha Blanche, dada yake wa pekee.

Baba yake alimpeleka katika Chuo Kikuu cha Colgate, mbali na vishawishi vya jiji. Huko, ambako wanafunzi weusi walihesabika kwa vidole, kijana huyo aliwaacha wenzake waamini kwamba yeye ni mzungu. Siri ilipofichuka, mwanafunzi mzungu aliyeishi naye chumba kimoja hakutaka tena kulala chini ya dari moja naye. Wanafunzi weusi nao waliudhika kwamba mwenzao aliwakana.

Tukio hilo lilimwachia funzo ambalo hakulisahau. Alihitimu mwaka 1930, akasafiri Ulaya, Misri na Palestina, kisha akarejea Harlem kumsaidia baba yake na kuendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Columbia. Mnamo 1933 alimwoa Isabel Washington, mcheza maonyesho wa jukwaani, licha ya pingamizi za baba yake.

JIKO LA KANISA NA MLANGO WA HOSPITALI

Alirudi nyumbani wakati mbaya. Mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulikuwa umeiangukia Harlem kama ukuta. Waliokuwa wa mwisho kuajiriwa walikuwa wa kwanza kufutwa. Familia zilitupwa nje na vyombo vyao kwa kukosa kodi ya nyumba, ilhali kodi za Harlem zilikuwa za juu kuliko za sehemu nyingine zenye nyumba bora.

Kanisa la Abyssinia lilifungua jiko la kuwalisha wenye njaa, huku mchungaji mkuu akitoa fedha za mshahara wake kulianzisha. Mwana alikabidhiwa usimamizi wake. Kwa mara ya kwanza maishani, kijana aliyezoea suti za bei ghali alitazamana ana kwa ana na wanaume waliopanga foleni kwa ajili ya bakuli la mchuzi. Kando ya jiko kulikuwa na ugawaji wa nguo, kuni na makaa ya mawe, pamoja na madarasa ya watu wazima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 madaktari watano weusi waliondolewa katika hospitali ya umma ya Harlem. Walimwendea Powell, naye akakubali kuwatetea. Aliitisha mikutano, akakusanya malalamiko ya wagonjwa waliohudumiwa vibaya, kisha akawaongoza maelfu ya wakazi hadi ukumbi wa jiji, mwendo wa kilomita nyingi kusini mwa kisiwa cha Manhattan.

Siku hiyo aligundua mambo mawili. La kwanza, kwamba anaweza kuwakusanya watu. La pili, kwamba wakuu wa jiji ambao hawasomi barua za wanyonge huwa wepisi wa kufungua dirisha wanaposikia kishindo cha miguu.

USINUNUE USIKOAJIRIWA

Kero kubwa ya Harlem ilikuwa ajira. Barabara ya 125 ilikuwa na maduka makubwa yaliyotegemea shilingi ya mweusi, lakini nyuma ya kaunta walisimama wazungu watupu. Mweusi aliyeajiriwa humo alikuwa mfagiaji au mbeba mizigo.

Mwaka 1934 makanisa na vyama vya mtaani viliungana kulisusia duka maarufu la Blumstein. Kampeni hiyo iliongozwa na Kasisi John H. Johnson, na Powell alikuwa miongoni mwa walioiunga mkono. Kwa wiki kadhaa watu walizunguka mlangoni na mabango, wakiwasihi wanunuzi wapeleke fedha zao kwingine. Duka hilo likakubali kuwaajiri wanawake weusi kama wauzaji.

Ushindi huo haukudumu. Muungano uligawanyika, baadhi wakilalamika kwamba walioajiriwa walikuwa ni wale wenye ngozi nyeupe zaidi. Isitoshe, mwenye duka jingine alikwenda mahakamani na kupata agizo la kuwazuia waandamanaji. Hoja ya mahakama ilikuwa kwamba mzozo huo haukuwa wa mwajiri na wafanyakazi wake, bali wa rangi, hivyo sheria zilizolinda migomo hazikuwahusu.

Machi 1935 hasira iliyofungiwa ililipuka. Kijana mmoja alikamatwa akishukiwa kuiba kisu kidogo dukani, uvumi ukaenea kwamba ameuawa, na ingawa alikuwa hai na salama, madirisha ya barabara ya 125 yalivunjwa usiku kucha. Powell aliandika makala katika gazeti la New York Post akieleza kwamba chanzo cha ghasia hakikuwa kisu bali njaa na ukosefu wa kazi.

Mnamo 1937 baba yake alistaafu, na mwana akarithi mimbari ya kanisa lenye waumini zaidi ya 10,000. Hilo lilikuwa jeshi ambalo hakuna mwanasiasa yeyote wa Harlem aliyekuwa nalo. Zaidi ya hayo, mshahara wake ulitoka katika sadaka za waumini, si katika mfuko wa jiji wala wa tajiri. Hakuna bwanyenye aliyeweza kumtishia kumfuta kazi.

Mwaka uliofuata, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi kutoka Washington kwamba wananchi wana haki ya kuandamana mbele ya biashara inayobagua katika kuajiri. Mlango uliofungwa mwaka 1934 ukafunguka. Powell alishirikiana na Kasisi William Lloyd Imes kuunda kamati ya pamoja ya kutafuta ajira, iliyokusanya makanisa, vyama vya wafanyakazi na vikundi vya mtaani.

Mbinu zao zilikuwa rahisi lakini zenye uchungu kwa waliolengwa. Kampuni ya umeme ilipokataa kuwaajiri weusi katika kazi za ofisini, wateja walikwenda kulipa bili zao za stima kwa sarafu ndogondogo, moja baada ya nyingine, hadi foleni zikakwama. Jioni za Jumanne wakazi walizima taa na kuwasha mishumaa. Kampuni ya simu nayo ilipata dozi yake. Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1939 yalipokuwa yakiandaliwa, waandamanaji walipanga mstari mbele ya jengo la Empire State, zilikokuwa ofisi za waandalizi, wakidai kazi.

Kutokana na shinikizo hizo, wafanyabiashara wa Harlem walitia saini mkataba wa kuwapa weusi angalau theluthi ya nafasi za kazi za ofisini na za uuzaji. Si kila kipengele kilitekelezwa, lakini nyuso nyeusi zikaanza kuonekana nyuma ya kaunta.

MWEZI WA KUTEMBEA KWA MIGUU

Kampeni iliyomfikisha Powell kwenye udiwani ilihusu mabasi. Katika majira ya kuchipua ya 1941, kampuni mbili zilizomiliki njia za mabasi za Manhattan zilikuwa na maelfu ya wafanyakazi, lakini hazikuwa na dereva wala fundi mweusi hata mmoja. Weusi wachache waliokuwamo walikuwa wa kufagia na kubeba mizigo.

Mwezi Machi madereva wazungu waligoma wakidai nyongeza ya mshahara chini ya chama chao kilichoongozwa na Michael Quill, mhamiaji kutoka Ireland. Powell aliwaunga mkono wagomaji na kuwahimiza watu wa Harlem wasipande mabasi. Mgomo ulipokwisha, aliitaka jamii iendelee kususia hadi weusi wapewe kazi za udereva na ufundi.

Kazi ngumu ilikuwa kuwaunganisha viongozi wa Harlem wenyewe. Katika muungano huo waliketi pamoja wahubiri, wazalendo weusi waliokuwa hawawaamini wazungu kabisa, na wafuasi wa mrengo wa kushoto akiwamo wakili Hope Stevens aliyetoka visiwa vya Karibi. Makundi hayo yalikuwa yamerushiana maneno makali kwa miaka mingi. Jambo lililowaleta mezani ni kwamba kila mmoja wao aliliona basi likipita mlangoni pake bila dereva anayefanana naye.

Kwa takriban mwezi mmoja, wakazi walitembea kwa miguu, wakapanda treni za chini ya ardhi, au wakabebwa na wenye magari ya kibinafsi waliojitolea. Wazee na akina mama wanaofanya kazi za nyumbani walikwenda asubuhi na kurudi jioni, na nauli ya senti 5 ikabaki mfukoni. Mabasi yalipita Harlem yakiwa matupu.

Mwezi Aprili kampuni zilisalimu amri. Ilikubaliwa kwamba baada ya madereva waliosimamishwa kurejeshwa kazini, madereva 100 watakaofuata kuajiriwa wawe weusi pamoja na mafundi 70, kisha nafasi zigawanywe kwa zamu hadi weusi wafike asilimia 17 ya wafanyakazi, kiwango kilicholingana na idadi yao katika Manhattan. Chama cha Quill, ambacho wanachama wake wengi hawakuwapenda weusi, kilitia saini.

Itakumbukwa kwamba hayo yalitendeka zaidi ya miaka 14 kabla ya mgomo wa mabasi wa Montgomery uliomtangaza Martin Luther King kwa ulimwengu.

KINYANG'ANYIRO CHA UDIWANI

Baada ya ushindi huo, Powell alitangaza mwezi Septemba 1941 kwamba angewania kiti katika Baraza la Jiji. Uamuzi huo haukuwa rahisi kama unavyoonekana leo. Walikuwapo madiwani weusi wachache katika baraza la zamani, lakini tangu muundo mpya wa baraza uanze kutumika mwaka 1938, hakuna mweusi aliyekuwa ameketi humo.

Hapa ni muhimu kueleza jinsi uchaguzi ulivyoendeshwa, kwa kuwa bila mfumo ule pengine Powell hangeshinda. Kwa miaka mingi jiji lilikuwa limegawanywa katika wadi ndogo, na mtandao wa chama cha Democratic uliojulikana kama Tammany Hall ulizoa karibu viti vyote. Wananchi walichoshwa na ufisadi wake, wakapitisha katiba mpya ya jiji iliyoleta uwakilishi wa uwiano kuanzia uchaguzi wa 1937.

Chini ya mfumo huo Manhattan nzima ilikuwa wadi moja. Mpigakura aliandika 1 kando ya jina la mgombea aliyempenda zaidi, 2 kwa wa pili, na kuendelea. Kura 75,000 zilimtosha mgombea kupata kiti. Aliyekuwa na kura chache mno aliondolewa, na karatasi zake zikahamishiwa kwa chaguo la pili la kila mpigakura. Kwa njia hiyo kura ya mnyonge haikupotea, nayo jamii ndogo iliyoshikamana iliweza kupata mwakilishi wake bila ruhusa ya wakubwa wa chama.

Hata hivyo, kura za Harlem pekee hazikutosha. Powell alilazimika kuwaendea pia wazungu: vyama vya wafanyakazi, Wayahudi wapenda mageuzi, na wasomi wa sehemu za kusini mwa kisiwa. Aliwania kama mtu huru asiyefungwa na chama kikubwa, akipata uungwaji mkono wa chama cha American Labor na wa Meya Fiorello La Guardia, aliyekuwa akitetea kiti chake siku hiyohiyo.

Lakini mtaji wake halisi ulikuwa watu waliotembea kwa miguu mwezi Machi na Aprili. Orodha za waliosimama na mabango mbele ya maduka ziligeuka kuwa orodha za wahamasishaji. Wazee wa kanisa waliosimamia jiko walisimamia sasa vituo vya kampeni. Wanawake walioeneza habari za kususia mabasi walipita nyumba kwa nyumba wakifundisha jinsi ya kuandika namba badala ya kuweka alama, kwa maana karatasi iliyojazwa visivyo ingekuwa kura iliyotupwa.

Mnamo Novemba 4, wapigakura walifika vituoni. Kuhesabu kulichukua siku kadhaa kwa sababu ya kuhamisha kura kutoka mgombea hadi mgombea. Mwishowe Powell alitangazwa mshindi kwa kura 65,736, akiwa wa tatu kati ya madiwani sita waliochaguliwa Manhattan. Alikuwa na umri wa miaka 32, na wiki chache zilibaki atimize 33.

SAUTI MOJA UKUMBINI

Januari 1942 diwani huyo alichukua kiti chake, na hapo ndipo alipokutana na ukweli mchungu. Mtaani alikuwa na maelfu nyuma yake. Barazani alikuwa mtu mmoja miongoni mwa 26.

Mojawapo ya hoja zake za mwanzo ilihusu vyuo vilivyogharamiwa na jiji. Aliuliza ni kwa nini vyuo hivyo, vilivyokuwa na walimu wengi, havikuwa na mwalimu mweusi wa kudumu, ilhali weusi walilipa ushuru kama wenzao. Wakuu wa vyuo walikana kubagua. Powell hakupata kura alizohitaji barazani, lakini suala lililokuwa likinong'onwa lilikuwa sasa limeingizwa katika kumbukumbu rasmi za jiji.

Ili asitegemee magazeti ya wengine, mwezi Februari 1942 alianzisha pamoja na Charles Buchanan, msimamizi wa ukumbi wa dansi wa Savoy, gazeti la People's Voice. Kila wiki wasomaji wa Harlem walielezwa kilichojiri katika ukumbi wa jiji na nani alipiga kura upande gani.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1943. Kampuni kubwa ya bima ilipewa ardhi na msamaha wa kodi ili ijenge mtaa wa makazi ya maelfu ya familia, Stuyvesant Town, na ikabainika kwamba weusi hawangekubaliwa kupanga humo. Powell alipinga kwa nguvu zote, na akamgeukia hata Meya La Guardia aliyekuwa amemuunga mkono miaka miwili kabla, kwa kuwa meya aliuidhinisha mradi huo. Vita hivyo alishindwa. Lakini mwaka 1944, baada yake kuondoka, baraza lilipitisha sheria ya kuzuia ubaguzi katika miradi mipya ya nyumba inayopewa msamaha wa kodi na jiji.

Mnamo Agosti 1943 Harlem iliwaka tena. Polisi mzungu alimpiga risasi askari mweusi wa jeshi, uvumi ukasema amekufa, na watu sita wakapoteza maisha katika vurugu zilizofuata. Kama ilivyokuwa mwaka 1935, askari huyo alikuwa hai. Ilikuwa dhahiri kwamba kiti kimoja barazani hakikutosha kuponya kidonda cha miaka mingi.

Powell hakuwania tena udiwani mwaka huo. Alimpisha Benjamin Davis, wakili mweusi na mkomunisti, ambaye alishinda. Ukweli kwamba Harlem iliweza kutuma diwani wa pili mfululizo ulionyesha kwamba mtandao uliojengwa haukuwa wa mtu mmoja. Lakini wakubwa wa vyama waliuona mfumo huo wa kura kuwa mwiba, na mwaka 1947 ukafutwa kupitia kura ya maoni. Katika uchaguzi wa 1949 chama cha Democratic kilitwaa viti 24 kati ya 25.

KUPANDA NA KUSHUKA

Mwaka 1944 eneo jipya la ubunge lilichorwa Harlem, na Powell akapita bila kupingwa katika uchaguzi mkuu. Januari 1945 alikuwa mbunge wa kwanza mweusi kutoka New York. Wakati huo Bunge zima lilikuwa na mweusi mwingine mmoja tu, William Dawson wa Chicago. Powell aliingia katika mikahawa na vinyozi vya Bunge ambavyo weusi hawakuruhusiwa, tena akiwaalika wageni wake weusi.

Kwa miaka mingi alipachika katika miswada kipengele cha kuzuia fedha za serikali kwenda kwa taasisi zinazobagua. Wenzake walikichukia, lakini kanuni hiyo iliingizwa katika Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Mwaka 1955 alihudhuria mkutano wa Bandung nchini Indonesia, ambako mataifa ya Asia na Afrika yalikutana, ingawa serikali yake haikupenda aende.

Kuanzia 1961 alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Elimu na Kazi, na mikononi mwake zilipita sheria za kuongeza kima cha chini cha mshahara, kupambana na umaskini na kufadhili shule za watoto wa maskini. Yaliyodaiwa mlangoni pa maduka ya Harlem yakawa sheria za taifa zima.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kadiri Powell alivyopaa ndivyo alivyojitenga na nidhamu iliyomjenga. Alikosa vikao, akasafiri kwa anasa kwa fedha za umma, na akamweka mkewe wa tatu katika orodha ya mishahara ya ofisi yake ilhali aliishi Puerto Rico. Mnamo 1960 alimtaja mjane mmoja wa Harlem katika televisheni kuwa mbeba hongo za polisi. Mjane huyo alimshtaki kwa kumharibia jina na akashinda. Powell alikataa kulipa, na kwa muda mrefu aliweza kuonekana New York siku ya Jumapili tu, siku ambayo sheria haikuruhusu hati za kesi za madai kukabidhiwa.

Kwa hivyo mtu aliyewahi kuwatetea wanyonge wa Harlem dhidi ya wakubwa alikuwa sasa mkubwa anayemkimbia mnyonge mmoja wa Harlem.

Machi 1967 Bunge lilimfukuza kwa kura 307 dhidi ya 116. Wapigakura wake walimrejesha kwa kishindo mwezi uliofuata, si kwa kuwa hawakuona makosa yake, bali kwa kuwa waliona wabunge wazungu wenye makosa kama hayo wakiachwa. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Bunge lilivunja katiba kumzuia mtu aliyechaguliwa kihalali na aliyetimiza masharti. Uamuzi huo unabaki nguzo ya sheria za uchaguzi Marekani.

Alirudi bungeni akiwa amepigwa faini na kupokonywa uenyekiti. Afya yake ilidhoofika, na muda mwingi aliupitisha katika kisiwa cha Bimini, Bahamas. Mwaka 1970 alishindwa katika uteuzi wa chama na Charles Rangel kwa kura takriban 150. Mtu aliyejenga jina lake kwa kubisha mlango mmoja mmoja aliangushwa na kura ambazo zingejaa katika mabasi machache.

Adam Clayton Powell Mdogo alifariki mjini Miami Aprili 4, 1972, akiwa na umri wa miaka 63. Ilikuwa miaka minne kamili tangu King auawe. Ibada yake ilifanyika katika kanisa la Abyssinia, na majivu yake yakamwagwa katika bahari ya Bimini.

Harlem haikumsahau. Barabara ya Saba ilipewa jina lake, na jengo la ofisi za serikali ya jimbo katika barabara ya 125 likafuata mwaka 1983. Mbele ya jengo hilo imesimama sanamu yake, akiwa anapiga hatua ndefu kupanda mlima.

Jengo hilo liko katika barabara ileile ambayo vijana wa 1934 walizunguka na mabango wakiomba kazi ya kuuza nguo. Wengi wao majina yao hayamo katika vitabu. Lakini ndio waliozima taa, wakatembea kwa miguu mwezi mzima, na kuandika namba 1 kando ya jina la mhubiri wao. Powell alipowakumbuka alikuwa jabali, na alipowasahau alianguka. Kila anayeomba kura za mtaa wake ana jambo la kujifunza hapo, na kila anayempa kura hiyo vilevile.